Mradi wa kugawa ardhi umefika kwetu Kilifi, hizi "kinga za mazingira na jamii" ni nini hasa, na mama atie dole au asitie?

mwana_wa_mnazi (Umoja)

Hamjambo wadau. Naomba mawazo, na mnisamehe itakuwa ndefu.

Mimi kazi yangu iko hapa Nairobi lakini nyumbani ni Kilifi, huko bara ndani, si zile za ufuoni zenye mahoteli. Tumekaa lile shamba tangu babu, hati hatuna, mwenye hati wengine wanasema yuko Mombasa wengine wanasema alishakufa zamani, mnazijua hadithi za pwani. Sasa kuna mradi umeingia, pesa ni mkopo wa nje kupitia serikali, shamba linanunuliwa, linapimwa, kila familia inapewa ekari zake na hatimiliki, halafu mfereji unapita katikati watu walime kwa kumwagilia. Kwa kusikia ni kitu kizuri na mimi sipingi, nasema mapema kabla mtu hajaniita adui wa maendeleo.

Shida ni hii. Juzi walikuja vijana wenye tableti, wakapita nyumba kwa nyumba siku moja na nusu, wakaondoka. Mama ananiambia kwa simu yeye hakuandikwa. Vipi hakuandikwa na nyumba yake iko pale pale chini ya mwembe? Kumbe vijana walikuwa wanauliza "mkuu wa kaya hapa ni nani?" Sasa kwetu sisi kaya ni ule msitu wa wazee, si nyumba ya mtu, basi kila waliyemuuliza akanyoosha kidole kwa baba mdogo kwa sababu ndiye anayeingia kule kwa mambo ya mila. Baba mdogo kaandikwa mkuu wa nyumba nne! Nilicheka sana halafu nikaacha kucheka.

Waliacha kitabu kwa chifu, kurasa kama themanini, Kiingereza kitupu, juu kimeandikwa ni mpango wa kinga za mazingira na jamii. Ijumaa ya wiki ijayo kuna baraza, watu watie saini au dole gumba kwamba wamekubali.

Je, hizi kinga ni kitu cha kweli au urembo? Mfereji kwenye ramani unapita karibu sana na kwa mama, na hati hana, atalipwa chochote? Na hiyo Ijumaa wasaini?

bikoni_namba_7 (Kangemi)

Mimi nimekuwa mmoja wa hao vijana wa tableti miaka sita, Bonde la Ufa na Ukambani. Nimeshaacha, sasa nauza nyaya na balbu, kwa hivyo naweza kuongea bila kuangalia nyuma.

Kinga ni masharti ya mwenye mkopo ili mradi usiumize watu na mazingira. Hizo kurasa themanini usihangaike nazo leo. Nenda nyuma kabisa kwenye viambatisho utafute orodha ya majina. Hiyo orodha ndiyo kinga yenyewe, hayo mengine ni maelezo. Kila mradi wa namna hii unakuwa na siku ya kufunga hesabu, aliyehesabiwa kabla ya hiyo siku yuko ndani, atakayetokea baadaye anaitwa mvamizi. Iliwekwa kwa sababu nzuri, kwa macho yangu nimeona mtu amesimamisha vibanda kumi na viwili usiku mmoja, mabati ya kukodi, ati ni makao yake ya miaka. Lakini hiyo siku haijui tofauti ya huyo mjanja wa mabati na mama aliyekuwa sokoni akiuza maembe. Kama hawako kwa orodha hawako, basi.

Na tunavyohesabu, wacha niwaambie tu. Tulikuwa tunalipwa kwa fomu. Fomu ikijaa unahesabiwa pesa, nyumba ikipatikana imefungwa hakuna pesa na kurudi ni kwa nauli yako, kwa hivyo harudi mtu, unauliza jirani "hapa anakaa nani na ana ng'ombe wangapi" unajaza unaenda. Hilo la mkuu wa kaya sijawahi kulisikia lakini nimeliamini hapo hapo, fomu inaandikwa na mtu aliyekaa Upper Hill ambaye kwake kaya ni neno la sensa. Huko nilikopita tulijifunza kuuliza chungu, "mnakula chungu kimoja au viwili?" Ukiuliza hivyo mama yako angeandikwa kivyake bila kelele.

Kuhusu hati. Kama mkopo ni wa Benki ya Dunia, masharti yao ya sasa yalianza kutumika Oktoba 2018, viwango viko kumi, na kile cha tano ndicho cha ardhi na kuhamisha watu. Kile kinasema hata yule asiye na haki yoyote ya kisheria kwa ile ardhi, mradi alikuwepo kabla ya siku ya kufunga, analipwa nyumba, miti, kisima, vyote alivyoweka pale, na anasaidiwa kupata pa kukaa. Bei ya ardhi yenyewe hapati, lakini nyumba inalipwa kwa gharama ya kusimamisha nyingine leo, hawaruhusiwi kukata ati ukuta umezeeka. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina masharti yake, yanafanana. Kwa hivyo swali la kwanza kwenye baraza liwe pesa ni za nani, na la pili hesabu ilifungwa tarehe gani.

Kamaa_wa_Dago

Kinga ni za kufanya mkopo utoke. Mkopo ukishatoka hicho kitabu kinakaa chini kwa ofisi kinazuia mlango usipigwe na upepo. Nimeona moja inafanya hiyo kazi, na ilikuwa na picha ya rangi juu. Mwambie mathe akae kwake asitoke, tingatinga ikifika ndio tutajua kinga ni gani.

karani_wa_milimani

Mimi si wakili, ni karani tu, kazi yangu ni mafaili, lakini ukikaa na mafaili ya ardhi muda mrefu kuna vitu unaokota.

Kamaa ana haki ya kuchoka ila hapo kwa sheria zetu amepita haraka. Katiba ya 2010 kifungu cha 40, pale pa serikali kuchukua ardhi, inasema fidia inaweza pia kulipwa wakaaji wa nia njema hata kama hawana hati. Halafu kuna NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, na ile sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni zake za 2003, mradi mkubwa unafanyiwa tathmini kamili ya athari na mwenye mradi lazima afanye mikutano isiyopungua 3 na watu watakaoguswa, awaeleze na achukue maoni yao. Msidhani hiyo ni mapambo. Ile leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na baraza la rufaa la mazingira Juni 2019, na moja ya sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya tathmini kuandikwa. Mradi mzito kama ule ukakwama hapo.

Sasa kuhusu Ijumaa. Ogopa sana karatasi ya mahudhurio. Watu wanatia saini kwa sababu kuna soda na nauli, kumbe ile karatasi inaenda kubandikwa nyuma ya ripoti kuonyesha jamii imekubali. Nimeona mafaili ambayo ushahidi wote wa kukubali ni mahudhurio ya siku moja tu, na hapo nusu ya majina yana mwandiko mmoja. Kabla mtu hajagusa kalamu asome juu pameandikwa nini. Pakiwa wazi, wenyewe waandike "tumehudhuria, hatujakubali lolote" halafu ndio majina yafuate, na mtu apige picha kwa simu papo hapo.

Hicho kitabu cha Kiingereza muombe kwa barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 wajibu. Omba muhtasari kwa Kiswahili, omba orodha ya majina, omba ramani ya mfereji. Barua nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu.

mwana_wa_mnazi

Asanteni sana aisee. Nimepiga simu nyumbani jana usiku, tumeongea mpaka salio likaisha, na mambo yameongezeka badala ya kupungua.

Kwanza miti. Kwenye fomu ya baba mdogo wameandika minazi 12. Mama peke yake ana 31, mikorosho tisa, na ule mwembe. Tena kuna minazi ya shangazi, shangazi kaolewa Malindi lakini minazi aliachiwa na babu na mpaka leo inagemwa kwa jina lake na pesa anatumiwa. Kwetu si ajabu, ardhi ya huyu, mti wa yule. Tableti haikuwa na pahali pa kuandika hivyo. Na makaburi je? Babu na nyanya wako hatua kama arobaini kutoka pale ramani inapochora mfereji.

Pili, na hili ndilo linaniumiza kichwa, baba mdogo hataki kusahihisha. Hakukataa moja kwa moja, alisema "mwanangu, yameandikwa na serikali, na mimi si nitawagawia?" Ni mtu mzuri, ndiye alinilipia karo ya fomu mbili za sekondari, sitaki kumwambia simwamini. Lakini mama ni mjane na hati ikitoka kwa jina la baba mdogo siku akiondoka duniani wanawe wataisoma vile ilivyoandikwa. Hapo nasemaje jamani?

Wanza_mipango (South B)

Nasoma hii uzi nikiwa na hasira kidogo kwa sababu kila mtu anaongea fidia na hakuna amegusa neno mazingira, na mama yako akishalipwa ni mazingira ataishi nayo.

Uliza Bura, Tana River, si mbali na kwenu. Mwaka 1977 Benki ya Dunia iliingiza pesa pale, mpango ulikuwa kumwagilia hekta 6,700 na kuleta maelfu ya familia maskini kutoka kila pembe ya Kenya walime pamba. Zikafika hekta kama 2,500, gharama zikapanda vibaya, na mwisho wa miaka ya 80 pampu za kutoa maji mtoni zikagoma, mimea ikakauka watu wakiangalia. Lakini cha kunifurahisha kwa ubaya ni kuni. Unaleta maelfu ya watu kwenye nchi kame, kila jioni kila nyumba inapika, watapika na nini? Mbele yao kuna msitu wa mto Tana, ule wenye kima wekundu ambao hawako pahali pengine duniani. Hilo walilifikiria, wakasema watapandwa miti ya kuni, na moja ya miti waliyoleta miaka hiyo ndiyo hii mathenge, ule mti wa miiba. Sasa nani hapa hajui mathenge? Imeziba njia za mifugo, imemeza malisho, na ile ya Baringo iling'oa mbuzi meno mpaka wenyeji wakafungua kesi 2006 hapa Nairobi na mbuzi kibogoyo akaletwa mahakamani kama kielelezo. Dawa ya shida ya kuni ikawa shida kubwa kuliko kuni.

Ya pili ni Malawi. Kuanzia 2004 walikuwa na mradi wa kuhamisha familia zisizo na ardhi kutoka Thyolo na Mulanje, kule kwa mashamba makubwa ya chai, kuzipeleka Machinga na Mangochi kwenye mashamba yaliyonunuliwa kwa hiari ya muuzaji. Familia kama 15,000. Kila moja ilipewa dola 1,050, kununua ardhi isizidi asilimia 30, zingine za usafiri, nyumba, mbegu. Kwa karatasi huo ni mradi safi, mtu amehama kwa kupenda, hakuna aliyefukuzwa. Lakini ukifika shamba jipya siku ya kwanza unahitaji nguzo, unahitaji kuchoma matofali, unafyeka shamba, vyote ni mti. Na maji? Kisima kilichokuwa kinatosha wenyeji wa pale sasa kina foleni, wenyeji wanawaangalia wageni, na wageni wanatembea mbali na zahanati na shule walizoacha. Mvua ya kwanza unalima kwa mbegu za ruzuku unavuna vizuri, baada ya ruzuku kuisha ndio unajua udongo wako.

Kwa hivyo kwenu mimi ningeuliza hivi: maji ya mfereji yanatoka wapi na yakishapita shambani yanaenda wapi, maana udongo usiotoa maji vizuri unapanda chumvi na miaka michache hata mchicha haukubali. Mbu nao. Wale wafugaji wanaopita na ng'ombe kiangazi kufuata mto, njia yao iko kwa ramani au mmeifunga bila kujua? Hao hawakuhesabiwa na hizo tableti kabisa, siku hiyo walikuwa mbali na mifugo. Na huo msitu wa kaya, hebu angalia kama ni mmoja wa zile kaya za Wamijikenda ziliwekwa kwa urithi wa dunia na UNESCO 2008. Hata kama si mmoja wao, masharti ya Benki yana kiwango kizima cha nane cha urithi wa utamaduni, na makaburi ya babu yako yanaingia hapo.

Kamaa_wa_Dago

Wanza hiyo ya mbuzi nimecheka. Lakini semeni ukweli, mkiuliza haya yote mradi unahama unaenda kaunti ingine na mathe anabaki maskwota miaka ingine hamsini. Kuna watu hapa Nairobi wana hati zao kwa sanduku wanawafundisha watu wa ushago kukataa hati. Na hata ukishinda kesi, wale wavuvi wa Lamu wa kesi ya bandari korti iliwapa shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018, wavuvi karibu 4,600, sherehe kila mahali. Waulize walingoja vipi baada ya hapo.

karani_wa_milimani

@Kamaa hiyo ya Lamu umesema kweli na inauma. Lakini angalia, wale waliweza kudai kwa sababu walijulikana ni akina nani, wangapi, wanavua wapi. Asiyekuwa kwa orodha hata hiyo foleni ya kungoja hana.

Na hakuna aliyesema akatae. Arekebishe jina.

bikoni_namba_7 (Kangemi)

Kwa baba mdogo, wacha nikupe ile tuliyotumia Machakos, kulikuwa na mzee kama wako kabisa, mkarimu na mkaidi. Usiende kumwambia umeandikwa vibaya. Mwambie hivi: "baba, ukiandikwa nyumba nne unapata kiwanja kimoja kikubwa, zikiandikwa nyumba nne kila moja na jina lake ukoo unapata viwanja vinne." Kwa sababu miradi mingi ya kugawa inagawa kwa nyumba iliyoandikwa, haiangalii ukubwa wa familia. Ulizeni kama wenu ni hivyo, na kama ni hivyo hapo mzee mwenyewe ataongoza msafara kwa chifu, kwa heshima zote, akiwa ndiye msemaji. Na kikao hicho mfanye kwake, si kwa mama yako.

Halafu fomu ya malalamiko. Lazima mradi uwe na pahali pa kupokea malalamiko, na kuwe na daftari. Omba kuliona daftari. Ukiambiwa halipo, au lipo na halina hata lalamiko moja katika watu mia kadhaa, hiyo yenyewe ni habari. Pelekeni lalamiko la jina na la miti kabla ya baraza, mpewe namba. Ya shangazi iandikwe fomu yake, yeye mwenyewe aje kutoka Malindi na tikiti ya basi ihifadhiwe. Msikubali idadi ya miti bila umri wake, mnazi wa kienyeji unakaa kama miaka sita saba kabla haujakupa dafu, kwa hivyo mche mmoja si badala ya mnazi mzima.

Hapo chini wakiziba masikio na pesa ikiwa ni ya Benki ya Dunia, watu wawili tu wanatosha kuandika kwa lile jopo lao la ukaguzi. Wasengwer, wale wenyeji wa msitu wa Cherangani, waliandika 2013, jopo likaja likachunguza, ripoti ikatoka 2014. Wamasai wa Olkaria waliohamishwa kupisha umeme wa mvuke nao waliandika 2014, mambo yakaishia mezani kwa usuluhishi. Hakuna aliyepata kila kitu, na Wasengwer hata leo wanalia na msitu wao, usije ukaniambia nilikudanganya.

mwana_wa_mnazi

Nimepata ruhusa kazini, naondoka Jumatano na basi la usiku. Barua nimeandika nakala mbili kama alivyosema karani. Nimempigia shangazi, amesema atakuja na amejua kila mnazi wake kwa jina, sikujua minazi ina majina.

Baba mdogo nilimwambia ile ya viwanja vinne. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza, "na cha kwangu kitakuwa upande wa kisima?"

Wanza_mipango (South B)

Hahaha huyo amekubali. Beba kamba ndefu upime mwenyewe kutoka kaburi la babu mpaka kwa bikoni (zile alama za wapimaji) za mfereji, usiandike hatua arobaini, andika mita. Na picha zipige asubuhi, jua la saa sita linaharibu.